Tiba Inayofanywa na Mgonjwa Mwenyewe: Nafasi ya Mazoezi Tiba katika Kupona

*Mhadhara uliotolewa mjini Moshi katika maadhimisho ya Siku ya Fiziotherapia Duniani*

  

 Siku ya leo, tarehe 8 Septemba, imekuwa ikiadhimishwa duniani tangu mwaka 1996, na ilichaguliwa kwa sababu ndiyo siku ambayo shirikisho la kimataifa la wafiziotherapia lilianzishwa mwaka 1951. Nafurahi kuzungumza hapa Moshi, mji wenye Hospitali ya KCMC, ambako wafiziotherapia wengi wa nchi hii wamefundwa kazi.

Kusudi la mhadhara huu ni kutetea hoja moja. Mtu aliyevunjika mguu, aliyepatwa na kiharusi, au ambaye magoti yamemchoka, hapati nafuu kamili kwa kisu cha daktari na vidonge peke yake. Mazoezi yaliyopangwa vizuri ni tiba kamili, sawa na kisu na vidonge. Na kwa kuwa tiba hii haiwezi kufanywa na mtu mwingine kwa niaba ya mgonjwa, nyumba yake na watu wanaomuuguza ni sehemu ya hospitali, wapende wasipende.

Kabla sijaanza, tuelewane juu ya mazoezi tiba yenyewe. Wagonjwa wengi wanaoelekezwa kwetu huja wakitarajia kuchuliwa kwa mafuta, kukandwa kwa maji ya moto, au kuwekewa mashine. Mambo hayo yana nafasi yake: hupunguza maumivu kwa muda na kumfanya mtu ajisikie vizuri. Lakini msuli haupati nguvu kwa kuchuliwa. Hupata nguvu kwa kufanya kazi. Mazoezi tiba ni mijongeo iliyochaguliwa kwa ajili ya mtu fulani mwenye tatizo fulani, ikapewa kipimo na ratiba, ikalenga jambo analotaka kulirudia katika maisha yake. Kukimbia asubuhi uwanjani ni jambo jema, ila si hilo ninalolizungumzia leo.

Nina hoja tano.

Hoja ya kwanza: Kulala muda mrefu kuna madhara yake

Mila zetu zinatufundisha kumhurumia mgonjwa, na huruma hiyo ni utu. Mgonjwa anapofika nyumbani, tunamtandikia, tunamlisha, tunamwogesha, tunamletea kila kitu pale alipo. Akijaribu kuinuka, sauti tatu zinamwambia kwa pamoja: "Tulia, usijichoshe." Zipo siku ambazo maneno hayo ni sahihi. Tatizo ni pale siku zinapogeuka kuwa wiki, na wiki zikawa miezi.

Mwaka 1966, huko Dallas, Marekani, watafiti waliwachukua vijana watano wenye afya njema, wenye umri wa miaka 20, wakawalaza kitandani kwa wiki tatu. Hawakuwa na ugonjwa wowote. Walipoinuka, uwezo wa miili yao kutumia hewa wakati wa kazi nzito ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye, watu hao hao watano walipimwa tena, sasa wakiwa na miaka 50. Ikaonekana kwamba uwezo walioupoteza kwa miaka 30 ya kuzeeka ulikuwa mdogo kuliko ule walioupoteza kwa wiki tatu za kulala.

Wanafunzi wa vyuo vya afya mliopo hapa, naomba mlibebe jambo hilo mkienda wodini. Ikiwa kijana mzima wa miaka 20 anapungua kiasi hicho, mama wa miaka 70 aliyelazwa kwa nimonia hupungua vipi?

Tujue pia yanayotokea ndani. Msuli usiotumika hunyauka, na misuli ya paja na ya makalio, ile inayotuinua kutoka kwenye kiti, hunyauka upesi zaidi. Kiungo kisichokunjwa hukakamaa kwa sababu nyama zinazokizunguka hufupika. Mfupa usiobeba uzito hupoteza madini yake. Damu isiyosukumwa na misuli ya miguu huweza kuganda, na donge likipanda hadi kwenye mapafu huweza kuua. Mapafu yasiyopanuka vizuri hukusanya makohozi. Ngozi inayogandamizwa mahali pamoja hutoboka vidonda. Haya yote hayatokani na ajali wala na kiharusi kilichomleta mgonjwa hospitalini. Yanatokana na kitanda.

Kwa hiyo mazoezi ya kwanza mara nyingi huanza mgonjwa angali amelala: kuvuta pumzi ndefu, kukunja na kukunjua vifundo vya miguu kila saa akiwa macho, kukaza msuli wa paja na kuuachia, kujigeuza mwenyewe. Ni mambo madogo kwa kuyatazama, lakini ndiyo yanayouzuia mwili usianze kubomoka.

Hoja ya pili: Mwili hujijenga kwa mzigo unaopandishwa hatua kwa hatua

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, hospitali za jeshi la Marekani zilijaa askari walioumia magoti. Desturi ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi sana, yenye kurudiwa mara nyingi bila uzito, kwa hofu kwamba uzito ungewaumiza. Daktari mmoja kijana katika hospitali ya jeshi huko Chicago, Thomas DeLorme, alifikiri vingine. Yeye mwenyewe ujanani aliwahi kuugua homa kali ya baridi yabisi, akajijenga upya kwa kuinua vyuma. Akawapa askari uzito wa kweli, akaupandisha kadiri walivyopata nguvu. Mwaka 1945 alichapisha matokeo yake, na mwaka 1948, pamoja na mwenzake Arthur Watkins, akautengenezea utaratibu ambao sisi tunautumia hadi leo.

Utaratibu wenyewe ni huu. Tafuta uzito ambao mgonjwa anaweza kuuinua mara 10, na mara ya 11 hawezi. Kisha afanye mizunguko mitatu ya mara 10: wa kwanza kwa nusu ya uzito huo, wa pili kwa robo tatu, wa tatu kwa uzito wote. Akizoea, uzito unapandishwa. Siri yote imo katika hilo neno la mwisho. Mgonjwa anayefanya zoezi lile lile, kwa uzito ule ule, kwa miezi mitatu, anadumisha alichonacho. Hajengi.

Tumchukue kijana wa bodaboda aliyevunjika mfupa wa paja, akafanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma. Tunao wengi wa namna hii, na kila mmoja wetu hapa anamjua angalau mmoja. Mfupa umeungwa vizuri, picha ya eksirei inapendeza, daktari ameridhika. Lakini goti halikunjiki hata nusu, na paja limekuwa jembamba kuliko lile la pili. Kwa kijana huyu, chuma kimefanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki huenda hivi: siku za mwanzo anakaza paja akiwa kitandani na kuburuza kisigino ili goti likunjike. Kisha anakaa ukingoni mwa kitanda na kunyoosha goti. Anasimama kwa magongo, akikanyaga kwa uzito ambao daktari wake ameruhusu. Baadaye anaegemea ukuta na kushuka kidogo kidogo kama anayetaka kukaa. Halafu ngazi, mguu mmoja baada ya mwingine. Mwishoni anachuchumaa na kuinuka, kwa sababu choo cha nyumbani kwake ni cha kuchuchumaa, na kazi yake inamtaka apande na kushuka pikipiki siku nzima.

Ukiruka hatua, unaumia. Ukigoma kwenye hatua moja, unabaki mlemavu wa kitu ambacho kingepona.

Kanuni hiyo inawahusu pia mama zetu wenye magoti yanayouma kwa kulika gegedu. Wengi wameambiwa na majirani kwamba goti limekwisha, hivyo wasilichoshe. Ukweli ni kwamba gegedu halina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kutokana na majimaji ya kiungo, na majimaji hayo huingia na kutoka goti linapobebeshwa uzito na kuachiwa. Na msuli wa paja ukiwa na nguvu, hupokea sehemu ya mshtuko ambao goti lingeubeba peke yake. Kwa mama wa namna hii, zoezi bora kuliko yote halihitaji kifaa.

Naomba tulifanye sasa hivi. Wale wanaoweza, wekeni miguu sakafuni, kunjeni mikono kifuani, msishike chochote. Simameni wima, kisha kaeni taratibu. Tena. Tena. Mara tano. Wazee wangu, asiyejisikia asijilazimishe. Ahsanteni. Mliopata shida kuinuka bila mikono, hilo ni jambo la kufanyiwa kazi kuanzia leo, maana anayeshindwa kuinuka kwenye kiti ndiye anayeanguka bafuni usiku.

Hoja ya tatu: Ubongo hujifunza upya kwa kurudia kazi yenyewe

Sasa nizungumzie kiharusi, kwa sababu hapa jirani, wilayani Hai, ndiko ulikofanyika utafiti mmoja mkubwa wa kiharusi katika Afrika. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi wilayani Hai na katika eneo moja la Dar es Salaam. Baada ya kurekebisha tofauti za umri, waliona wagonjwa wapya wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na wapatao 316 Dar es Salaam. Hizo ni takwimu za juu. Maana yake ni kwamba kiharusi kiko nasi, mjini na kijijini, na watu wanaobaki na mkono au mguu uliopooza ni majirani zetu.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba sehemu ya ubongo ikifa, basi. Leo tunajua kwamba sehemu zilizobaki huweza kujifunza kazi ya zile zilizokufa, kwa kiasi fulani, ikiwa zitafundishwa. Na ubongo hufundishwa kwa kurudia. Ndiyo maana naumia nikikumbuka utafiti uliofanyika Marekani na Kanada na kuchapishwa mwaka 2009: watafiti walihesabu ni mara ngapi mgonjwa wa kiharusi anautumia mkono wake katika zoezi la vitendo kwenye kipindi kimoja cha tiba, wakapata wastani wa mara 32. Katika majaribio ya maabara yaliyoonyesha ubongo ukibadilika, wanyama walirudia tendo mamia ya mara kwa siku. Ikiwa huko, kwenye vyumba vya mazoezi vyenye kila kifaa, ni mara 32, sisi tujiulize kwetu ni mara ngapi.

Kurudia pekee hakutoshi. Lazima mtu arudie kazi yenyewe. Anayetaka kushika kikombe, ashike kikombe. Anayetaka kutembea, atembee. Kukunjwa na kukunjuliwa mkono na ndugu, mgonjwa akiwa anatazama dirishani, huzuia kiungo kisikakamae, na kwa sababu hiyo kuna faida. Lakini ubongo haujifunzi kitu pale. Ubongo hujifunza mgonjwa anapojaribu mwenyewe, akakosea, akajaribu tena. Kwa mama wa nyumbani ninayemfundisha, meza ya mazoezi ina mchele wa kuchambua, maharage ya kuhamisha kutoka bakuli hadi bakuli, kitambaa cha kukunja na kukamua, kitasa cha mlango, vifungo vya gauni. Kwa mzee mkulima, ni kushika mpini, kufunga kamba, kubeba ndoo ikiwa na maji kidogo.

Kuna jambo jingine ambalo ndugu wa wagonjwa wanapaswa kulijua. Mtu aliyepooza upande mmoja hugundua haraka kwamba mkono mzima unafanya kazi upesi zaidi. Anauacha ule dhaifu. Kadiri anavyouacha, ndivyo ubongo unavyousahau, hata kama nguvu kidogo zilikuwa zimeanza kurudi. Mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Edward Taub, ndiye aliyelifafanua tatizo hili na kulitafutia dawa: mkono mzima unazuiwa kwa glavu nene kwa muda mwingi wa siku, ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2006, likiwa na wagonjwa 222 waliopata kiharusi miezi mitatu hadi tisa kabla, lilionyesha kwamba wiki mbili za utaratibu huo zilileta nafuu iliyoonekana hata baada ya mwaka. Njia hii inamfaa mtu ambaye vidole na kiganja chake vimeanza kujongea. Haimfai kila mtu. Lakini somo lake linatufaa sote: mkono dhaifu upewe kazi kila siku, hata kama inachukua muda. Mtoto anayemkimbilia bibi yake kumfungia kifungo anamnyima zoezi.

Hoja ya nne: Mazoezi yana kipimo, na kipimo kikikosewa yanadhuru

Baada ya kusema haya yote, naogopa mtu asitoke hapa akaenda kumsukuma mgonjwa wake nje ya kitanda. Nisikilizeni vizuri katika hoja hii.

Mwaka 2015 yalitolewa matokeo ya jaribio kubwa lililohusisha wagonjwa wa kiharusi 2,104 katika hospitali 56 za nchi tano. Nusu yao waliinuliwa ndani ya saa 24 tangu kupatwa na kiharusi na kufanyishwa mazoezi mengi zaidi. Nusu nyingine walipata huduma ya kawaida. Watu wengi walitarajia kundi la kwanza lishinde. Halikushinda. Waliopona vizuri baada ya miezi mitatu walikuwa asilimia 46 katika kundi lile, na asilimia 50 katika kundi la huduma ya kawaida. Uchambuzi wa ndani ukaonyesha kwamba kinachofaa katika siku za mwanzo ni vipindi vifupi, vinavyorudiwa mara kadhaa kwa siku, badala ya kipindi kimoja kirefu. Mwenda pole hajikwai.

Kama panadoli ina miligramu, saa na idadi ya siku, zoezi nalo lina kipimo chake: uzito kiasi gani, mara ngapi, mizunguko mingapi, siku ngapi kwa wiki, mpaka lini. Mgonjwa anayeambiwa tu "fanya mazoezi" ni sawa na yule anayeambiwa "meza dawa" bila kuandikiwa dawa gani.

Watu huniuliza: maumivu je? Kuna maumivu yanayovumilika na kuna maumivu ya hatari. Tunamwomba mgonjwa ayape alama, sifuri hadi kumi, ambapo kumi ni maumivu makali kuliko yote anayoweza kuyafikiria. Kwa matatizo mengi ya viungo na kano, maumivu madogo wakati wa zoezi, yanayotulia ifikapo asubuhi ya siku inayofuata, si sababu ya kuacha. Maumivu yanayozidi siku hadi siku, au kiungo kinachovimba na kupata joto baada ya kila zoezi, yanatuambia tupunguze kipimo. Na zipo dalili zinazotaka mgonjwa aache mara moja na kwenda hospitali: kifua kubana, pumzi kukatika ghafla, kizunguzungu cha kuanguka, shavu la mguu kuvimba na kuuma upande mmoja, kidonda kutoa usaha, au ganzi mpya na udhaifu mpya.

Yako pia makosa mawili ambayo nawaomba tuyakomeshe katika jamii yetu. La kwanza ni kumwinua mgonjwa wa kiharusi kwa kumvuta mkono uliopooza. Misuli inayolishikilia bega lake imelegea. Ukivuta, unalitoa bega mahali pake, na maumivu yatakayofuata yatamzuia kufanya mazoezi kwa miezi mingi. Mshike kiunoni, na umwache asaidie kwa mguu wake mzima. La pili ni kuchua na kukunjua kwa nguvu kiwiko cha mtoto aliyevunjika. Nguvu hiyo inaweza kusababisha mfupa kuota ndani ya msuli, na kiwiko kikafunga kabisa. Kiwiko cha mtoto hukunjuka chenyewe akiachwa ajichezee na kukitumia baada ya kufunguliwa plasta (piopi). Wahazigi wetu, yaani waunga mifupa wa jadi, ambao wananchi wengi huwaendea kwanza, nawaomba tushirikiane katika hili. Mlango wetu uko wazi.

Hoja ya tano: Nyumbani ndiko tiba inakofanyika

Hesabu ni rahisi. Wiki ina saa 168. Mgonjwa anayekuja kliniki mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara, anakaa nasi saa moja. Saa 167 zilizobaki yuko kwake. Na huyo ndiye mwenye bahati. Mtu wa wilaya ya Rombo au ya Same anayetakiwa kulipa nauli yake na ya msindikizaji, akaacha shamba siku nzima, hawezi kuja mara mbili kwa wiki kwa miezi sita. Tukisema kwamba tiba iko kliniki tu, tumeshamhukumu.

Kwa hiyo kazi ya mfiziotherapia ni kuifanya nyumba ya mgonjwa iweze kumtibu. Vifaa vipo. Chupa ya nusu lita iliyojaa maji ina uzito wa nusu kilo. Ya lita moja na nusu ni kilo moja na nusu. Khanga iliyokunjwa huzungushwa kwenye unyayo ili mgonjwa avute mguu wake mwenyewe. Kiti kigumu, ukuta, kizingiti, ngazi ya baraza: hivyo ni vifaa vya mazoezi. Mstari uliochorwa kwa chaki sakafuni unamfundisha mtu kutembea bila kuyumba.

Kinachokosekana mara nyingi ni lengo. Kumwambia mzee afanye zoezi la goti mara 30 kwa siku hakumgusi. Muulize kwanza: unataka kurudi kufanya nini? Mmoja atasema anataka kusujudu na kuinuka bila kushikwa. Mwingine anataka kupiga magoti kanisani. Mama atasema anataka kukaa kwenye kigoda na kupika mwenyewe, kwa sababu hapendi chumvi ya mkwewe. Kijana anataka kupanda daladala. Mwingine atanong'ona kwamba anataka kwenda chooni bila mtoto wake wa kiume kumsindikiza. Tukilipata jibu hilo, mazoezi yote tunayapanga kuelekea huko, na mgonjwa anajua kwa nini anatoka jasho.

Nawageukia ninyi mnaouguza. Kazi yenu ni nzito, na sehemu kubwa inabebwa na wanawake, mara nyingi bila shukrani. Naomba tuipunguze kwa kuibadilisha. Badala ya kumfanyia mgonjwa kila kitu, chagueni pamoja mambo mawili atakayoyafanya mwenyewe wiki hii, hata kama yanamchukua nusu saa. Wiki ijayo yawe matatu. Mwekeni mahali anapoweza kusimama akiwa na kitu imara cha kushika mbele yake na mtu nyuma yake. Hesabuni naye kwa sauti. Wekeni alama kwenye kalenda ya ukutani kila anapomaliza. Siku asipotaka, msimgombeze. Mwulizeni kama ni maumivu, woga, au huzuni. Huzuni baada ya kiharusi au kukatwa mguu ni ya kawaida sana, na ina tiba yake, lakini isipotajwa hukwamisha mazoezi yote.

Tunakoelekea

Ndugu zangu, mahitaji ni makubwa. Hesabu iliyofanywa kwa takwimu za mwaka 2019 ilionyesha kwamba watu bilioni 2.4 duniani walikuwa na tatizo la kiafya ambalo lingepata nafuu kwa huduma za utengemao, yaani huduma za kumrudishia mgonjwa uwezo wake. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika baadhi ya nchi zenye kipato cha chini na cha kati, zaidi ya nusu ya wanaohitaji huduma hizi hawazipati. Mwaka 2017 shirika hilo lilizindua mwito wa kuziimarisha hadi kufikia 2030, na mwezi Mei 2023 nchi wanachama wakapitisha azimio la kuziingiza katika mfumo mzima wa afya, kuanzia zahanati. Mwaka huo huo Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Wakati wa kupanga ni huu.

Nina maombi manne. Kwa hospitali zetu: mgonjwa asiruhusiwe kwenda nyumbani bila karatasi ya mazoezi yake, iliyoandikwa kwa Kiswahili, yenye michoro, kipimo na dalili za hatari, na ndugu yake awe ameyafanya mazoezi hayo mbele ya mtaalamu angalau mara moja. Kwa wanaosimamia bima: vipindi vya mazoezi tiba vihesabiwe kuwa tiba, maana gharama ya kumuunga mtu mfupa na kumwacha hatembei ni hasara kwa familia na kwa taifa. Kwa halmashauri zetu: wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe mazoezi ya msingi kwa wagonjwa wa kiharusi, wazee wanaoanguka na watoto wenye mtindio wa ubongo, na wajue ni lini wampigie simu mfiziotherapia wa wilaya. Simu hizi mlizoshika mikononi zinaweza kumwonyesha mtaalamu wa Moshi jinsi mzee wa kijijini huko Same anavyoinuka kwenye kiti chake.

Na kwenu wanafunzi: mtakapokwenda kufanya kazi Kigoma, Mtwara au Pemba, mtakuta pengine hakuna mashine hata moja. Msisubiri. Mkijua jinsi mwili unavyojijenga, mkijua kupima na kupandisha kipimo, na mkijua kumuuliza mgonjwa anataka kurudi kufanya nini, mnayo tiba kamili mikononi mwenu.

Ninayo hamu moja ya mwisho. Tutakapokutana tena tarehe 8 Septemba mwakani, wazungumzaji wakuu wawe wagonjwa waliofanya kazi hii wenyewe, pamoja na ndugu waliosimama nyuma yao. Watueleze walipoanzia, walipokwama na walipofika. Sisi wataalamu tukae pale chini, tuandike, tujifunze, na mwaka unaofuata tuwatibu wengine vizuri zaidi.